Giaboksi ya Mjomba Cecil

Kirungu cha gia kilikuwa kimelowa. Kiangazi kile Newala nzima ilikuwa imekauka, vumbi linatanda hata juu ya maji ya kunawa, na ndani ya Landrova, iliyolala imefungwa milango yote, kila kitu kilikuwa kikavu isipokuwa kile kirungu. Anjelina alikishika apate kupanda, akautoa mkono haraka. Haukuwa umande. Kilikuwa na uvuguvugu, kinateleza, kama kitu kilichotoka kinywani mwa mtoto sasa hivi. Akanusa kiganja chake, akajuta: mabibo yaliyovunda chini ya mkorosho, na ndani ya harufu hiyo nyingine, ya maziwa yaliyocheuliwa.

"Baba Gift, umemwaga nini humu?"

"Mimi? Sijamwaga kitu," Gasper alijibu kutoka chini ya boneti. "Grisi hiyo."

"Grisi gani inanuka matapishi?"

"Grisi ya zamani inanuka itakavyo. Kajifute."

Akajifuta kwenye majani, akajifuta tena kwenye khanga, kisha akaona kinyaa na ile khanga yenyewe, akaenda kubadilisha.

Landrova ile ilikuwa ya Mjomba Cecil wa Makote, aliyebebea watu korosho maisha yake yote. Alipokufa, gari halikwenda kwa watoto wake. Kwao vitu vya mjomba humfuata mpwa, mtoto wa dada, na mpwa mkubwa alikuwa Gasper. Akaichukua ikiwa kama banda la kuku. Akaikwangua, akaipaka rangi yake ileile ya kijani, akaishoneshea viti vipya, sakafu iliyoliwa na kutu ikachomelewa upya. Ilipendeza, hata Anjelina alikiri. Ilibaki giaboksi tu, na hiyo giaboksi ndiyo iliyoleta ugomvi ndani ya nyumba.

Gia ya pili ilikuwa inachomoka. Ukiiweka lazima uishikilie kwa mkono, ukiachia tu inaruka. Fundi Rajabu wa Masasi alikuwa na giaboksi ya otomatiki aliyoifungua kwenye gari lililopata ajali, akasema kwa kuchonga hapa na pale itakaa. Anjelina akaidaka habari hiyo kwa mikono miwili.

"Otomatiki ni gari la kwendea saluni," Gasper alisema. "Gari zito kama hili, kwenye mteremko wa Masasi, utalizuia na nini? Breki zitachemka. Manyuo unatia gia ya pili, linashuka lenyewe taratibu kama mbuzi wa kufungwa kamba."

"Gia ya pili ipi, hiyo inayoruka? Na klachi nzito kama mlango wa godauni! Gift akipandwa na homa, wewe uko shambani Makote, mimi nimpeleke kliniki kwa mguu gani? Au nimbebe mgongoni halafu nikuachie gari lako ulipige picha?"

Gasper akacheka. "Haya, leo endesha wewe mpaka kwa Rajabu. Ukifika bila kulia, anatengeneza manyuo. Ukilia, anafunga otomatiki yako."

Wakaondoka. Gasper alimpakata Gift, binti yao ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza, na mtoto akalala palepale. Akalala mno. Saa ya kunyonya ikapita, kifua cha Anjelina kikajaa, kikauma, gauni likaanza kulowa, na kabla ya kuuanza mteremko akasimamisha gari pembeni, akageukia dirishani, akajikamua kidogo kwenye pindo la khanga. Lori likapiga honi nyuma yao. Akashtuka, akatia klachi, akashika gia na mkono ukiwa bado umelowa maziwa.

Kirungu kikamlamba.

Alidhani amekosea. Akaingiza gia ya pili, gari likaguna, likaanza kushuka, akashikilia kama alivyofundishwa, na ndani ya kiganja chake kile kirungu kikalainika, kikafunguka katikati kama fizi za mtoto asiye na meno, kikabana nyama ya kiganja, kikaanza kuvuta.

"Baba Gift," alinong'ona. "Kinaninyonya."

"Nini?"

"Gia. Inaninyonya mkono."

"Inatetemeka tu hiyo. Usiachie! Ukiachia inachomoka!"

Hakuachia, angeachiaje, bonde liko kulia na lori liko nyuma na mtoto wake kalala mapajani mwa baba yake, akashikilia na huku anasikia ulimi, ulimi kabisa, mdogo, wenye mikwaruzo, unazunguka kati ya vidole vyake kutafuta palipobaki maziwa, na mate ya moto yanamtiririka kwenye kifundo cha mkono mpaka ndani ya mkono wa gauni, na kila kona wanayokata kile kitu kinameza, anasikia kinavyomeza, gudu, gudu, chini kule miguuni mwao, na ile harufu ya mabibo na kucheua inapanda inamjaa puani mpaka nyongo ikamfika kooni akaimeza, ikarudi, akaimeza tena, mpaka barabara ikanyooka.

Kiganja kilipotoka kilikuwa cheupe, kimekunjamana kama cha mfua nguo, na katikati kulikuwa na duara jekundu.

Rajabu alimpokea kwa shangwe. "Shemeji! Umeteremsha manyuo mwenyewe? Nakutafutia kazi ya lori!"

"Fungua hiyo giaboksi, fundi," Anjelina alisema. Hakucheka.

Rajabu akajilaza chini ya gari, akaweka beseni, akafungua nati ya kumwagia oili. Kilichotoka hakikuwa oili. Kilishuka pole pole, kizito, cha kijivu, kama uji ulioshinda juani, kinakatika mapande na mapande yanaanguka pwata, pwata. Ndani yake yalikuwemo manyoya. Zilikuwemo kucha za kuku, na mabonge meusi ya damu yaliyotikisika kama maini, na funza wanene wakiogelea bila haraka. Mwisho, juu ya uchafu wote ule, ikadondoka michirizi myeupe, mibichi, safi. Nzi walikuwa wameshafika. Rajabu alijivuta kutoka chini ya gari kwa viwiko, akatapika kwenye tairi.

"Kaka," alisema akijifuta mdomo, "mimi oili naijua. Hii inakula."

Gasper akampigia simu mama yake, Bibi Justa, dada wa marehemu Cecil. Akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Akamweleza.

"Mjomba wako alisema atakuambia kabla hajafa," Bibi Justa alisema, sauti imeshuka kama yuko kanisani. "Kumbe hakukuambia. Humo ndani kuna jini, Gasper. Alilitafuta ujanani, limvutie magari ya korosho kwenye tope. Kila korosho zikianza kuanguka alilimwagia unga wa mtama na damu ya kuku, kwenye tundu la oili. Nalo lilitaka mkono wake tu. Alishika gia, nalo lilimshika yeye."

"Tufanyeje?"

"Kama unabaki na giaboksi hiyo, utalilisha kama yeye. Kama hutaki, itoeni nzima, msimwage kingine, nije nililaze."

Anjelina akainama kwenye simu. "Mama, na mtoto?"

"Kwetu mtoto hufuata mama; Gift ni wa ukoo wako, mwanangu, si wetu. Hilo linafuata ukoo wa Cecil. Kwa mtoto halina njia, labda kama mmelilisha ninyi wenyewe. Hamjalilisha kitu?"

"Hatujalilisha kitu, mama," Gasper akajibu upesi.

Anjelina alitazama kiganja chake. Kulisha si unga na damu? Michirizi kwenye mkono, mtu hakukusudia, nani ataiita kulisha? Na angesemaje mbele ya Rajabu kwamba lile lidubwasha limeonja kifua chake? Alijisikia mchafu mpaka ndani ya mifupa.

"Itoe," alisema hatimaye. "Fundi, itoe yote. Funga otomatiki."

Gasper hakubisha. Hakuutaja hata mteremko.

Rajabu aliifungua akiwa amejifunga kitambaa puani. Bibi Justa alipofika, waliibeba giaboksi ile kwa turubai mpaka porini upande wa Nanganga, shimo likachimbwa, mama mkwe akazungushia unga mweupe, akapiga magoti. Akazungumza na lile jini Kimakonde, kwa upole, kama mtu anayemfukuza mgeni bila kumvunjia heshima. Akaliambia Cecil kafa. Akaliambia mkono ule umeshaoza, hakuna wa kukushika tena, lala. Wakafukia.

Chini ya udongo kikalia kitoto.

Kilikuwa kilio cha njaa, kile kikavu cha mtoto aliyenyimwa ziwa, na Gift alikuwa mgongoni mwa Anjelina, amenyamaza, anasikiliza. Wanaume wakarudi nyuma. Na pale pale, bila kuulizwa, maziwa ya Anjelina yakashuka. Matiti yote mawili yakafunguka, yakatiririka mpaka tumboni, yanakiitikia kitu kile kilichomo shimoni kama yanavyomwitikia mwanawe. Akajivuta khanga kifuani, akauma meno, akageuza uso. Kilio kikafifia, kikakoma.

"Limelala," Bibi Justa akasema, akapangusa unga mikononi.

Gari lilipokamilika walirudi Newala wote, Anjelina kwenye usukani, Gasper na mama yake kwenye viti vya nyuma, Gift begani kwa bibi yake. Lo, raha gani! Hakuna klachi. Hakuna kushikilia. Rajabu alikuwa ameosha sakafu kwa sabuni mpaka inanukia ndimu, na gari likapanda mlima lenyewe, linajichagulia gia bila kelele.

"Saluni ipi hiyo tunakwenda?" Gasper akatania kutoka nyuma.

"Nyamaza wewe, abiria."

Hata Bibi Justa alicheka. Mkono wa kulia ulitosha kwa usukani. Wa kushoto haukuwa na kazi, Anjelina akaulaza pajani.

Katikati ya mlima fizi zenye mate zikakidaka kidole chake cha shahada, zikaanza kuvuta.

"Gift, mwache mama aendeshe," alisema akitabasamu.

"Gift kalala huku," Gasper akamjibu.

Hakutazama chini. Alisogeza gari pembeni pole pole, akalisimamisha, akavuta breki ya mkono, na ndani ya gari ikapanda harufu ya mabibo, ikaifuta ndimu yote. Gift akaamka akilia. Wakampitisha mbele. Anjelina akamweka ziwani, kwa kuwa hakujua jambo jingine la kufanya, na mtoto akanyamaza, akanyonya.

Ziwa la pili, lililokuwa ndani ya gauni, nalo likaanza kuvutwa.

"Mama," alinong'ona. "Maziwa hulisha?"

Bibi Justa akainama mbele. "Uliyatia wapi?"

"Yalikuwa mkononi. Siku ile tunashuka. Nilishika gia, mama, ni kidogo tu, michirizi tu."

"Ee Mungu wangu." Mama mkwe akajifunika mdomo kwa upande wa khanga. "Basi tumefukia chuma kitupu. Si la Cecil tena hilo. Walionyonya ziwa moja ni ndugu."

"Tumwite nani?" Gasper aliuliza. "Mama, tumwite nani?"

Mapajani mwa Anjelina, Gift aliachia chuchu, maziwa yanamchuruzika kidevuni. Akageuza kichwa, akalitazama paja la mama yake lililokuwa tupu, akacheka kile kicheko chake cha kuonea haya anapokutana na mtoto mwenzake. Kisha akajivuta kidogo pembeni, akampisha akae vizuri.