Nani Alikula Firigisi?

Kila Jumatano baada ya masomo, wanafunzi wa chama cha filamu shuleni kwao Kiminini walibaki darasani na Mwalimu Chesang. Walikuwa wakitayarisha filamu kuhusu familia yenye siri nyingi. Nakhungu, msichana wa miaka kumi na miwili, aliigiza binti anayeficha barua na kumwacha mama yake alaumiwe. Alikuwa hodari, ila sehemu moja ilimshinda.

"Sema, 'Ni mimi, Mama,'" alihimiza Derrick, aliyekuwa akirekodi kwa simu. Hiyo ilikuwa mara ya sita. "Si ni maneno matatu tu, bana!"

Nakhungu akaangua kilio. Mwalimu akamwita kando, na siri aliyoificha karibu mwaka mzima ikamtoka.

Pasaka ya mwaka jana, Baba Mkubwa Absalom aliwatembelea kutoka Bungoma. Mama akamchinjia jogoo. Kwao firigisi ni ya mgeni wa heshima, na kumnyima ni kumwambia hatakiwi. Lakini Nakhungu, bingwa wa kudokoa, aliichomoa sufuriani akaitafuna yote. Baba Mkubwa aliitafuta kwenye sahani, hakuiona. Akanawa mikono bila kula, akaenda zake. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwao tena. Mama akaitwa mchoyo na ukoo mzima, hata Baba akamlaumu. Nakhungu alinyamaza tu.

"Mimi siye wa kuambiwa hayo," Mwalimu alisema kwa upole. "Nenda kwa mama yako."

Jioni alimkuta Mama akichambua maharagwe. Akamweleza yote. Machozi yalimlengalenga Mama.

"Kumbe ni wewe! Na mimi nikafukuza paka wa watu!" alisema. Kisha akampigia Baba Mkubwa simu, akamkabidhi Nakhungu. "Sema mwenyewe."

Jumamosi Baba Mkubwa alifika. Nakhungu ndiye aliyempelekea sahani, firigisi ikiwa juu kabisa. Mzee aliila polepole huku akimkazia macho, mpaka ikaisha.

"Ati ulidhani nitakuonjesha?" aliuliza, na nyumba nzima ikacheka.

Kisha akamgeukia Mama. "Shemeji, nisamehe. Nilisusa chakula chako bila hata kuuliza."

"Hayo yameisha, shemeji. Kula ushibe," Mama alijibu, uso ukimng'aa.

Baba Mkubwa akamvuta Nakhungu karibu. "Ungesema siku ile, ningekugombeza dakika tano, halafu tungekula. Uliponyamaza, mama yako aligombezwa mwaka mzima. Ukikosa, mtoto wangu, sema mapema, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako."

"Nimesikia, Baba Mkubwa."

Nakhungu alienda kuketi kando ya mama yake. Mama akamsogezea ugali, wakala pamoja kwenye sahani moja.