Wa Akiba

Wiki ya kufungua shule, duka la kujalidi vitabu lilijaa pomoni. Mwalimu wa fizikia alijipenyeza hadi kaunta, gauni lake la samawati limekunjamana, na kutua begi la vitabu thelathini vilivyopasuka migongo.

Fundi alikichukua kimoja, akakigeuza. "Mwalimu, hivi vilisomwa au vilichapwa viboko?"

"Vilisomwa. Kitabu kisichochakaa hakina faida."

"Basi wewe ni adui wa vitabu na rafiki wa gundi yangu."

Fundi alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi hadi kola chini ya aproni ya turubai, masikio yamechomoza kama vishikio vya sufuria. Mwalimu alirudi Ijumaa kuvichukua vitabu. Ijumaa iliyofuata alirudi bila kitabu chochote.

Ikawa miezi minane ya mapenzi. Kila mapumziko ya mchana simu ya mwalimu ililia.

"Laazizi, umekula?"

"Nasahihisha."

"Anza kusahihisha tumbo. Lina makosa mengi."

Mwalimu alimweleza habari za ufadhili wake, hata mwaka alioupata. Mama yake alikuwa mfua nguo. Chuo cha ualimu kilimlipia ada, bweni, hata viatu vya mazoezi ya kufundisha, kwa sharti moja: afundishe miaka mitano. Sasa alikuwa katika mwaka wa tisa na hakuwa na mpango wa kuacha.

"Bila ufadhili ule ningekuwa nasugua mashati ya watu," alisema.

"Na wengine walioomba mwaka huo?"

"Sijui. Nafasi ilikuwa moja."

Fundi aliendelea kupaka gundi.

Kisha chuo kilimwita awe mjumbe wa kamati ya kuchagua wafadhiliwa, heshima ambayo hakuna mhitimu wa ufadhili ule aliyewahi kuipata. Siku ya kwanza alifungua fomu ya msichana wa miaka kumi na minane. Mlezi: kaka, fundi wa kujalidi vitabu.

"Huyu kaka naye aliwahi kuomba," karani alisema. "Faili lake lipo kabatini."

Picha ilikuwa imebandikwa pembeni. Masikio yale yale. Mwaka ulikuwa ule ule wa mwalimu. Alama sabini na tisa. Yeye alipata themanini. Chini, kwa wino mwekundu: *Wa akiba. Aitwe iwapo wa kwanza hatajibu ndani ya siku kumi na nne.*

Mwalimu hakuwa mtu wa kulia ovyo. Alikuwa mtu wa hesabu. Barua ya ufadhili ilipomfikia, alikuwa ameijibu siku ya kumi na tatu. Wakati ule alitaka kusoma sheria, ualimu akiuona kazi ya walioshindwa kwingine, na barua ile ilikaa chini ya godoro mpaka mama yake alipomkalisha na kumtia kalamu mkononi.

Hakupokea simu za fundi siku hiyo, wala iliyofuata. Angemwambia nini? Siku ya tatu ulifika ujumbe: *Nimeelewa. Mjumbe wa kamati na mpakaji gundi hawalingani. Sikulaumu.*

Aliusoma mara mbili. Mchana huo alitoka darasani na vumbi la chaki mkononi, akapitia chuoni, kisha dukani.

"Karibu, mheshimiwa mjumbe," fundi alisema bila kuinua macho.

"Acha kejeli. Nimeliona faili lako."

Brashi ikasimama.

"Ulijua ni mimi?"

"Tangu uliponitajia mwaka."

"Ukanyamaza muda wote huo!"

"Ningesema nini? 'Mpenzi, nisogezee chumvi, halafu ni wewe uliyechukua nafasi yangu'?"

"Niliikalia siku kumi na tatu, na sikuwa hata naitaka. Nimeshindwa kukutazama usoni."

Fundi alivuta kigoda, akakaa. "Nilikuwa nimeshafunga sanduku. Siku ya kumi na nne nikaenda chuoni, nikaambiwa umekubali jana yake. Nikaingia kiwanda cha uchapaji, wakanipa kibarua. Mwaka mzima nilikuwa na jina langu la kukuita."

"Lipi?"

"Halisemeki mbele ya mwalimu."

Mwalimu akacheka bila kutaka. "Na sasa?"

"Nimejalidi vitabu vya shule nyingi. Huchakaa kurasa za mwanzo tu; za mwisho hubaki mpya, maana hakuna anayezifikia. Vya kwako vimechakaa hadi ukurasa wa mwisho. Nafasi ile haikupotea bure. Nashukuru ilikwenda kwako, na nilichukua muda mrefu kuweza kulisema hilo." Akafuta gundi vidoleni. "Lakini uliponinyamazia, nilidhani unanionea haya."

"Nilijionea haya mwenyewe."

Mwalimu akatoa barua yenye muhuri wa chuo, akaiweka kati yao. "Nimejitoa kwenye kamati."

"Kiti kile? Wewe una wazimu?"

"Mdogo wako ameomba. Kanuni inasema mjumbe hachagui ndugu zake."

"Mdogo wangu si ndugu yako."

"Nimewaandikia kwamba atakuwa wifi yangu. Wamepiga muhuri. Usinifanye mwongo mbele ya karani."

Fundi aliisoma barua polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta kosa na kuomba asilipate. Wateja wawili walikuwa wakigonga kaunta. Akasimama, akavua aproni.

"Jamani, rudini kesho," aliwaambia. "Mwenzenu nimeposwa."