Wifi Alisoma Siri Zangu Mbele ya Nguruwe wa Kuchoma

"Swali la tisa!" wifi yangu Zagorka akapaza sauti, simu mkononi. "'Ukijitazama kwenye kioo unajisikiaje?' Jamani, sikieni alivyojibu... 'Sijitazami. Nanawa uso nikiwa nimefumba macho!'"

Meza nzima ikaangua kicheko!

Watu ishirini na mbili. Wajomba, mashemeji, jirani na mkewe...

Na mimi nimekaa palepale katikati yao, glasi ya maji mkononi.

Ile ilikuwa fomu YANGU. Niliijaza kwa mkono wangu, kwenye chumba cha nesi, mlango umefungwa. Nakala yake nikaificha kwenye droo ya cherehani. Na nyumbani kwetu tunaishi watu wawili tu...

Nikamgeukia mume wangu, Ljubiša.

Alikuwa ameikodolea macho sahani yake kama vile inaonyesha mpira.

Nikajua.

Kabla hamjaanza kumtukana kwenye komenti, ngoja niwaeleze.

Naitwa Desanka, nina miaka arobaini na sita, nakatisha tiketi stendi ya mabasi hapa mjini Kruševac, Serbia. Wakati huo nilikuwa na kilo mia na kumi na nane.

Lakini kilichonitesa hasa kilikuwa maisha. Ngazi za kutoka stendi hadi barabarani nilikuwa nazipanda kwa kupumzika mara mbili, nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Usiku silali. Harusi ya rafiki yangu wa utotoni sikwenda... kisa viti vya plastiki!

Ndipo zahanati ya mjini ikatafuta watu wanene wa kujaribu jambo moja. Kula chakula chako kilekile, ila kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo ni maji au chai kavu bila sukari. Wiki kumi na mbili.

Mwanzoni na mwishoni wanakupima uzito, halafu unajaza fomu ya jinsi unavyoishi. Usingizi. Magoti. Aibu. Kitanda.

Niliandika ukweli mtupu.

Sasa ilikuwa wiki yangu ya tatu, ikaangukia siku ya Mtakatifu Georgi, sikukuu ya ukoo wa mume wangu, tukakusanyika kwa mama mkwe. Siku hiyo watu wanaanza kula mchana na hakuna anayejua wataacha lini. Na mimi nilikula, tena vizuri tu!

Saa kumi na mbili na robo mama mkwe wangu, Stamena, akaniwekea mbele sahani ya tatu. Nguruwe wa kuchoma, mafuta yanatiririka.

"Kula, mwanangu."

"Asante mama, muda wangu umeisha."

"Muda gani? Kwani wewe ni basi?"

Watu wakacheka. Hata mimi nikacheka.

Hapo ndipo Zagorka aliposimama. "Mwacheni huyo na saa zake! Mnajua anachoandika huko kwa daktari?"

Yaliyofuata mmeshayasikia.

"Swali la kumi..." akaendelea.

Nikahisi machozi yanakuja. Nikayakataa! Siyo leo. Siyo mbele ya hawa.

"Soma na la kumi na moja," nikamwambia.

"Eh?"

"Au ngoja nikusaidie. Nalijua kwa kichwa."

Nikasimama. Kiti kikalia kwii! Sikujali.

"'Ni nani anayekuumiza zaidi kwa maneno kuhusu mwili wako?' Jibu langu: 'Watu ninaokula nao meza moja.' Haya, chekeni sasa!"



Jirani akaiteremsha glasi yake taratibu. Mama mkwe akabaki ameshika kijiko cha kupakulia, hakipeleki mbele wala nyuma.

Nikachukua koti langu nikatoka.

Ljubiša akanifuata na gari, kioo kimeshushwa.

"Desa, panda."

"Natembea."

"Ni kilomita mbili!"

"Basi tangulia."

Nilifika nyumbani nikihema kama treni, lakini nilifika! Nikamkuta jikoni.

"Kwa nini, Ljubiša?"

"Ulimwandikia nesi kwamba nasubiri usinzie ndipo nije kulala."

"Ni uongo?"

Akainamisha kichwa.

"Iliniuma. Nikaipiga picha fomu, nikamtumia dada. Nilitaka mtu wa kuongea naye."

"Mtu huyo alitakiwa awe mimi!"

Nikamkabidhi mto wake. "Kalale kwa huyo unayeongea naye."

Akaenda kweli.

Basi grupu la familia likawa moto. Wakanibatiza jina kutoka kazini kwangu, kwenye tiketi: Dirisha Limefungwa. Ikifika saa kumi na mbili tu, Zagorka anatuma picha ya keki. "Wifi, dirisha limefungwa?"

Namjibu: "Limefungwa. Rudi kesho saa nne."

Sitawadanganya, jioni nyingine nilisimama mbele ya friji nikiwa nimeubana mlango kwa mikono miwili utadhani kuna mwizi ndani. Lakini wiki ya tano nililala hadi asubuhi, usingizi wa mtoto! Wiki ya nane nikazipanda zile ngazi bila kusimama. Nikafika juu, nikageuka kuziangalia... nikatamani kuzitukana!

Ljubiša alirudi baada ya mwezi. Aligonga mlango wa nyumba yake mwenyewe. Tukaongea mpaka chai ikapoa. Nilimpokea, lakini droo ya cherehani sasa ina kufuli, na anajua kwa nini.

Siku ya mwisho nikapanda mizani.

Mia na kumi na nne na nusu.

Kilo tatu na nusu tu! Nesi alinitazama kwa huruma. Nikaipiga picha mizani, nikaituma kwenye grupu mwenyewe kabla mtu hajaitafuta.

Zagorka hakuchelewa: "Wiki zote hizo??? Paka wangu akinyolewa anapungua zaidi!"

Nikajibu: "Msalimie paka."

Nimekaa kwenye benchi la korido najaza fomu ya mwisho, mlango ukafunguliwa.

Akaingia mama mkwe! Kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi, mkoba kaukumbatia kama ameuiba.

"Mama?! Unaumwa?"

"Shhh! Punguza sauti!"

Nesi akachungulia. "Bibi Stamena? Wa kundi jipya? Karibu, jaza fomu kwanza."

Nikasogeza mkoba wangu kumpisha.

Akakaa kando yangu.

"Baba mkwe wako, marehemu, alikuwa ananiita gunia," akasema. "Miaka thelathini na minane. Mbele ya wageni. Ukaja wewe kuolewa, mwembamba... nikaanza kukujazia sahani."

"Ulinipenda, mama."

"Hapana, Desanka. Nilitaka tuwe wawili."

Jamani...

Niliwaka! Miaka ishirini na moja ya "kula mwanangu"! Nilitaka kunyanyuka nimwache na fomu yake pale. Hadi leo, ninavyoandika hapa, hasira ipo.

Lakini alikuwa anaisogeza fomu mbali na macho, na herufi zake ni ndogo.

"Miwani nimesahau," akanong'ona.

Nikaichukua fomu. Nikamsomea swali la kwanza, polepole, sauti ya chini, mdomo karibu na sikio lake.

Alichojibu siwaambii. Ni chake.

Mimi si daktari. Mwili wako na hali yako, kaongee na daktari wako. Ninachokwambia ni hiki: usimwachie mtu mwingine kazi ya kupima maisha yako, hata kama ndiye anayekupakulia. Mizani ilinipa kilo tatu na nusu. Usingizi, magoti na mdomo wa kusema "hapana" nilivichukua mwenyewe.

Zimebaki mia na kumi na nne na nusu. Na siombi radhi kwa hata moja!