Nguzo ya Kati Ikipiga Hodi

Jua lilikuwa linazama tulipokwenda darajani, mimi na shemeji, kung'oa herufi za jina la Mheshimiwa aliyelijenga. Baraza jipya la jiji halitaki hata kulisikia. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kazi nilijifundisha mwenyewe, na nikisema ni ya jioni moja, ni ya jioni moja.

Mlinzi wa daraja akatusimamisha.

"Wajukuu zangu, herufi ng'oeni. Ila nguzo ya kati ikipiga hodi, msiitikie."

"Mzee, nimekuja kukata chuma. Porojo kawape wenye nafasi!"

Hakukasirika. Alinong'ona kwamba mto uliibeba nguzo ile mara mbili, Mheshimiwa akijenga. Kisha dereva wake akapotea. Wiki hiyohiyo nguzo ikasimama. Na tangu hapo, mpaka anazikwa, Mheshimiwa hakuitikia hodi nyumbani kwake. Ya mtu yeyote.

Tukashuka kwa kamba. Nikawasha gesi. Herufi ya kwanza ikadondoka mtoni.

Ngo... ngo... ngo.

Ndani ya zege.

"Hodi..."

Sauti nzito, ya mtu aliyejaa tope kinywani. Harufu ya saruji mbichi.

Shemeji, mtu wa mzaha hata msibani, akacheka. "Karibu, bosi! Mlango uko wazi!"

Kamba yake ikalegea.

Nikamulika chini. Maji tu. Niliita mpaka koo likakauka. Juu, mlinzi alikuwa amevua kofia.

Nikakimbilia kwa dada yangu, mkewe. Sijamaliza kumweleza...

Ngo... ngo... ngo.

"Hodi..."

Sauti ya shemeji.

"Si huyo hapo!" Dada akainuka, machozi na kicheko pamoja. "Kaka, unanitisha bure. Ila tangu lini anapiga hodi kwake?"

Chini ya mlango ikapenya harufu ya saruji mbichi.

Nikamziba mdomo. Akaning'ata mpaka damu. Sikumwachia.

Sasa hodi hiyo huja kila magharibi. Humwita "Kipusa", jina la chumbani mwao. Kazi za jioni nimeacha. Nakaa naye, hasemi nami. Daraja lina jina pungufu herufi moja, na hakuna fundi anayeligusa.

Leo dada amenitabasamia.

"Kaka, jioni hii nenda kwako ukapumzike. Mimi nimeshazoea."

Nikatazama mezani. Ameandaa sahani mbili. Yake... na ile ya bluu, ya mumewe.