Cherehani ya Sebahire

Kwanza ilikuwa sindano tu. Rodrigue alikuwa amerudisha kitufe mpaka sifuri, mota imenyamaza, na bado sindano ya cherehani ikashuka polepole, ikatoboa kitambaa, ikapanda. Akajiambia ni mkanda umevutika. Mtu anayependa mambo ya umeme hakosi jibu, ndiyo raha yake na ndiyo balaa yake.

Kazi ile alimfanyia dada yake, Dancille, ambaye mguu wake uliharibika walipokimbia vita Rutshuru, hata pedali ikamshinda. Cherehani ilikuwa ya mumewe, Sebahire, fundi nguo. Siku ya kukimbia aliwapakia kwenye lori pamoja na mashine yake, akabaki nyuma kufunga nyumba. Hakuonekana tena.

Rodrigue aling'oa mota ya waipa kwenye gari bovu, akaifungia betri ya pikipiki, kisha akajenga kidhibiti cha mwendo kwa transista moja na vikorokoro vya redio zilizokufa. Ujanja wake ni kukatakata umeme, washa, zima, washa, zima, haraka kuliko jicho. Ukitaka mota iende taratibu, unarefusha zile nafasi za kuzima. Alijivunia kitu kile kuliko alivyotaka kukiri.

Kwa Dancille, mumewe hakuwa amekufa. Maiti haikuonekana, basi kilio hakikukaliwa. Kila jioni alimtengea sahani yake, akasimama mlangoni na kumwita kwa jina, binti yao mdogo Umwiza akiwa ameshika kitenge cha mama yake. Ndugu walimsema mpaka wakachoka.

Mchana mmoja wa mvua, Rodrigue alipunguza mwendo, mashine ikaongeza. Akapunguza tena, ikakimbia zaidi. Kadiri alivyourefushia umeme nafasi zake tupu, ndivyo kitu kingine kilivyozijaza. Akachomoa waya wa betri.

"Yaya," alimnong'oneza dada yake, "nimekata kurant. Iko inatembea yenyewe."

"Uiache," Dancille alisema, machozi yanamlenga. "Sebahire njo alikuwaka anashona hivi."

Rodrigue alitaka kumjibu, lakini chumba kilikuwa kimeanza kunuka udongo uliofukuliwa, na gurudumu lilizunguka mpaka halikuonekana tena, na kitambaa kikawa kinajigeuza chini ya sindano, kinajikunja, kinajipinda kona bila mkono wa mtu, huku Umwiza akikisogelea akitabasamu, amenyoosha mikono juu kama mtoto anayepimwa nguo, mpaka mama yake akamvuta kwa nguvu na mashine ikasimama ghafla. Gauni likaanguka sakafuni. Lilikuwa kipimo cha Umwiza barabara, ila shingo na mikono vilikuwa vimeshonwa vikafungwa.

Wakamwita Mama Kahindo wa chumba cha maombi. Aliligusa gauni kwa ncha ya kidole, akakirudisha haraka.

"Mama Umwiza, kila siku unaita mutu mwenye hayuko," alisema kwa sauti ya chini. "Mwingine akaitika. Sasa anataka mutoto. Useme bwana yako alikufa, tukae kilio, tumufungie mulango."

"Na kama angali muzima? Mi njo nimuzike na mudomo yangu?"

Dancille aliliangalia gauni, akamwangalia bintiye. Kisha akaweka mkono juu ya cherehani na kusema, "Sebahire alikufa." Kitu kama pumzi kilipita chumbani, harufu ikaondoka. Akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu Rutshuru, na Rodrigue akalia naye bila aibu.

Majirani waliposikia walikuja na mabenchi na kuni, kama ilivyo desturi. Wakimbizi wa Rutshuru wakaja, watu wa Masisi wakaja. Nyumba ya msiba haifungwi mlango, na anayekuja kukaa haulizwi katoka wapi. Giza lilipoingia, uani palikuwa pamejaa.

Rodrigue aliona mtu mwisho wa benchi, mbali na moto, ameinamisha kichwa. Umwiza alikuwa amelala mapajani mwake.

"Ule ni wa kanisa yenu?" alimuuliza Mama Kahindo.

"Hapana. Nilizania ni ndugu yenu."

Hapo upepo ukaleta ile harufu ya udongo. Mama Kahindo akaanza kuomba, sauti ikamkatika. Rodrigue alipiga hatua moja, na yule mtu akamkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi, mpaka Umwiza akaguna usingizini.

Dancille alikuwa amesimama. Aliangalia mikono ile iliyomzunguka bintiye, akapangusa machozi, akazungumza taratibu, kama mke anayemuita mumewe mezani.

"Sebahire. Uniletee mutoto. Chakula iko tayari."

Yule mtu akainua kichwa. Akamleta Umwiza, akamweka mikononi mwa mama yake bila kumdhuru, kisha akampita na kuingia ndani ya nyumba, akakaa mezani, mahali pa Sebahire.