Kuskusi Nyeupe ya Sundus

Ijumaa asubuhi katika soko kuu la Tunis hakuna nafasi ya adabu. Watu wanapigana vikumbo kati ya meza za samaki na ndoo za zeituni, na wauza harisa, ile rojo kali ya pilipili, wanakusogezea kijiko cha kuonja kabla hujaomba. Hapo ndipo Sundus, katika gauni lake la buluu na mtandio mwekundu alioufunga kwa haraka, kikapu cha pilipili mkononi, alipogeuka kumtazama mwanamume aliyekuwa akikohoa nyuma ya shingo yake.

"Kaka, ukimaliza kunikoholea unijulishe, niende zangu."

"Samahani, dada. Ni hizo pilipili zako."

"Pilipili zangu zimekugusa?"

"Zimenitazama tu. Fikiria zingenigusa."

Sundus alicheka bila kutaka. Sauti ya mwanamume yule ilikuwa nzito, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi na hajazungumza na yeyote. Nyusi zake zilikuwa na vumbi la saruji, ila shati lilikuwa safi na limepigwa pasi. Akajitambulisha: Wajdi, fundi wa vigae. Akambebea kikapu mpaka kituo cha tramu. Tramu ikaja ikaondoka, ikaja nyingine nayo ikaondoka, wao bado wanabishana kuhusu pilipili.

Tangu hapo simu zao hazikuwa na mwisho. Sundus aliuza vitambaa vya harusi karibu na Bab Suika, na jioni akishafunga duka tu, simu iko sikioni.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula."

"Sema kingine."

"Sina kingine."

"Basi nieleze ulivyochanganya saruji leo. Mimi nataka hiyo sauti tu."

Hakujua, wala Wajdi mwenyewe hakujua wakati ule, kwamba sauti hiyo aliyoipenda ilikuwa imechubuliwa na asidi iliyompanda kooni kila alipolala.

Fatiha ya uchumba ikasomwa, na kila Jumapili Wajdi akawa mgeni mezani kwa Bi Mabruka, mama yake Sundus. Na mezani kwa Bi Mabruka, kama kwa wanawake wengi wa mtaa ule, mapenzi yalipimwa kwa ukali wa chakula. Mke anayempenda mumewe huchota harisa kwa kijiko kikubwa. Siku mchuzi ukipoa ulimini, majirani huanza kuulizana kimetokea nini ndani ya nyumba ile. Sundus hakuwahi kujiuliza kama jambo hilo ni kweli. Alimpenda Wajdi, basi kuskusi yake, punje za ngano zilizomwagiwa mchuzi, ilitoka jikoni ikiwa nyekundu kama mtandio wake.

Wajdi aliila yote akitabasamu, jasho likimtiririka. Akirudi kwake alilala ameketi, mito imepangwa mgongoni, moto ukipanda na kushuka kifuani. Kazini akiinama tu kubandika kigae, maji machungu yanamjia mdomoni. Vidonge alivitafuna kama karanga. Kumwambia Sundus hakuweza. Angeanzaje? Mwanamume anayesukuma mbali pilipili ya mchumba wake anakuwa amesema neno zito, hata asipofungua mdomo.

Akaamua kutafuta daktari wa upasuaji kimyakimya, na hapo ndipo alipopotea kabisa. Shangazi yake aliapa hakuna kama profesa mmoja mzee. Profesa hakutazama hata picha za kamera ya tumboni alizokwenda nazo. Alimwambia aje Alhamisi apasuliwe. Kinyozi wake akampeleka kwa mwingine, huyu akasema kisu ni upuuzi, ameze dawa maisha yake yote. Wa tatu akamwambia apunguze unene, na Wajdi ni mwembamba kama mfagio. Kila alipotoka kwa daktari alisimama kwenye ngazi hajui ashuke au arudi akaulize tena. Wote walikuwa na vyeti ukutani. Wote walizungumza kwa uhakika. Amwamini nani?

Sundus naye alikuwa amechanganyikiwa kivyake. Wajdi alianza kubakiza chakula. Kwanza robo sahani, kisha nusu, kisha Jumapili nzima hakuja, eti ana kazi mji wa Susa. Sundus akaongeza harisa. Juma lililofuata akaongeza tena, na Wajdi akala vijiko viwili akaomba maji.

"Amepoa," alisema Bi Mabruka akikusanya sahani.

"Amechoka tu, mama."

"Baba yako alikuwa mchimba mawe, na alikuwa akilamba sufuria."

Daktari wa nne, Daktari Lamia, hakumpa Wajdi jibu lolote, na kwa mtu aliyechoka kupewa majibu hilo lilikuwa jambo jipya. Alimuuliza maswali mpaka yakamwishia. Kisha akasema hamgusi mtu kabla hajajua asidi inapanda kiasi gani na koo linasukumaje chakula. Angempitishia mrija mwembamba puani mpaka karibu na tumbo, akae nao mchana na usiku, akiwa na mashine ndogo kiunoni. Moto ukipanda, abonyeze kitufe.

"Na ule kama unavyokula siku zote," alimwonya. "Ukinywa uji, mashine itaniletea habari za uji."

Siku ya mrija ikaangukia Jumapili. Wajdi alimpigia Sundus, sauti imebana puani, akasema ana mafua, asimsubiri. Kisha akajifunga skafu mpaka kwenye mashavu, akaenda mgahawa wa mjane mmoja mtaa wa Lafayette, akaagiza kuskusi, harisa tele.

Kabla hajafika nusu ya sahani, jirani mmoja aliyekuwa mgahawani alikuwa ameshampigia simu Bi Mabruka. Mchumba wa binti yenu yupo hapa, mzima, anakula chakula cha moto kwa mwanamke mwingine na machozi yanamtoka kwa utamu.

Sundus hakubadilisha hata viatu. Aliingia mgahawani na kandambili za jikoni, aproni kiunoni, akasimama mbele ya meza.

"Pole na mafua," alisema.

Wajdi aliinua uso na skafu ikateleza. Sundus aliona plasta shavuni, na mrija ukiingia puani kama uzi. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga njiani yakampotea. Akakaa.

"Hicho nini?"

"Kipimo."

"Cha nini? Wajdi, unaumwa nini? Unakufa?"

"Sifi. Kiungulia."

Alimtazama kana kwamba anamtania. Kisha akamwona anabonyeza kitufe kiunoni, amefumba macho, mkono kifuani, na akasubiri mpaka ayafumbue.

"Hivyo ndivyo unavyokuwa ukitoka kwetu?"

Wajdi aliirudisha skafu puani.

"Kila Jumapili?"

"Nilitaka nimpate mtu anipasue, nipone, nile chakula chako kama mwanaume. Usijue kamwe."

"Na hiki unakula kwa nini?"

"Daktari kasema nile ninachokula siku zote. Ninachokula siku zote ni chako. Sikutaka unione na kamba puani."

Sundus alivuta sahani ile, akaonja. Akaonja tena.

"Hii si kali hata kidogo," alisema. "Wajdi, mimi nilikuwa nakuongezea. Nilidhani umenichoka, nikawa nakuongezea."

Walicheka, na Sundus akalia pia, na mjane akaleta maji bila kuombwa.

Kwa Daktari Lamia waliingia pamoja. Majibu yalikuwa wazi: asidi ilipanda hata kwenye saa za vyakula vyepesi, na sehemu ya tumbo ilikuwa imepenya juu ya kiwambo cha kifua, ngiri ya siku nyingi. Wajdi akaharakisha kusema yuko tayari, ili ale pilipili.

"Sipasui kwa ajili ya pilipili," alisema daktari. "Nitaishusha ngiri, nishone tundu, nikunje sehemu ya juu ya tumbo kuizunguka njia ya chakula kama ukosi wa shati. Majuma ya mwanzo utameza kwa shida. Kucheua kunaweza kukupotea. Wagonjwa wangu wengi wameridhika, wapo waliorudi kunilalamikia, na wewe unaweza kuwa mmoja wao. Ukitaka, nitakukutanisha nao wote wawili, aliyefurahi na aliyenuna."

Wajdi alimgeukia Sundus. Wale watatu waliompa uhakika walikuwa wamemwacha gizani. Huyu aliyemwonyesha shaka zake ndiye aliyempa pa kukanyaga.

"Huyu," Sundus alinong'ona.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Supu zilikuja, kisha vitu laini, kisha daktari akaruhusu meza ya kawaida, mradi atafune polepole. Jumapili hiyo mama zao wote wawili walikuwepo kwa Bi Mabruka, wamevaa nguo zao za Idi. Sundus alitoka jikoni na sinia ya kuskusi nyekundu ya watu wote, akarudi, akatoka na sahani moja peke yake. Akaiweka mbele ya Wajdi. Kuskusi nyeupe, malenge yaliyolainika, nyama ya kondoo iliyochemshwa mpaka ikajiachia. Hakuna hata alama ya nyekundu.

Mama yake Wajdi aliinamisha macho. Bi Mabruka alichovya kijiko, akaonja, akakiweka chini taratibu.

"Mwanangu, hiki ni chakula cha mwanamke anayeondoka."

"Ni cha mwanamke anayebaki, mama." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Wajdi, ukiimaliza hiyo, tuweke siku ya ndoa."

"Na nikibakiza?"

Sauti yake ilitoka safi, haina mikwaruzo. Sundus alishtuka kidogo, kana kwamba mgeni ameingia.

"Ukibakiza nitaendelea kuizoea hiyo sauti mpya kwenye simu."

Wajdi alianza kula. Alitafuna polepole kama alivyoagizwa, punje kwa punje, na meza yote ikamsubiri. Sahani ilipofika nusu, Bi Mabruka aliinuka, akachukua bakuli la harisa lililokuwa karibu na mkono wa mkwe wake, akalifunika na kulipeleka mwisho wa meza.

"Haya," alisema, akirudi kukaa. "Siku gani?"