Kwa Ndoo Moja ya Klorini, Alinikana Undugu

Nina umri wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Wawi, hapa Pemba. Nikipanda ngazi sasa hivi nahema kama ajuza… Lakini kifua si kitu, wasomaji wenzangu. Kilichoniumiza mimi ni kukanwa!

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mchanga. Jirani yetu, Bi Time, alikuwa ananyonyesha mwanawe, Faki. Akanichukua, titi moja akampa Faki, la pili akanipa mimi. Nimekua nikimwita Mama. Faki nilimwita kaka, na kwa dini yetu alikuwa kaka hasa: walionyonya pamoja hawaoani, na hakuna ubaya wakikaa chumba kimoja peke yao.

Undugu huo ndio ulionipa kazi. Hoteli moja ya pwani ilitaka watu wawili wa kutunza bwawa la kuogelea. Chumba cha pampu ni kidogo, hakina hata dirisha. Baba asingekubali niingie humo na mwanamume mwingine. Aliposikia ni Faki, alisema, "Nenda, uko na nduguyo."

Niliipenda kazi ile! Kila alfajiri tulipima maji kwa matone ya rangi. Klorini huua vijidudu. Maji yakizidi magadi klorini hulegea, ndipo hutiwa asidi kidogo. Nilijifunza pia kwamba mgeni akilalamika bwawa linanuka klorini, mara nyingi si kwamba imezidi. Imechoka kupambana na jasho na mkojo wa watu!

Sharti lilikuwa moja. Ndoo ya klorini ni ya klorini, ndoo ya asidi ni ya asidi. Vitu hivyo vikikutana vyenyewe hutoa moshi unaoua.

Nyumbani kwetu kata moja huchota mtungini, huchota na pipani, na hakuna anayeuliza. Faki alikuja na mazoea hayo kazini. Nikimkanya hunicheka. "We Raya, ati ndoo nazo zina wivu?"

Asubuhi moja alitangulia kuingia. Akamimina asidi kwenye ndoo iliyobakia klorini chini… Nilisikia mchemko, kisha nikaona moshi wa kijanikibichi unamzunguka. Nilimshika kola nikamvuta hadi nje, na hakuna aliyetuona. Nikarudi kuzima feni iliyokuwa ikisukuma hewa ile upande wa wageni. Pumzi moja tu niliyovuta mle ilinichoma kama makaa!

Nilipozinduka hospitali nilimuulizia yeye kwanza. Kumbe mwenzangu alikuwa keshahojiwa na meneja, mbele ya wafanyakazi wote. Walinisimulia maneno yake, nami hadi leo nayasikia.

"Mimi sikuwamo. Mama keshanambia hakumnyonyesha Raya, alimlea tu. Tangu hapo siingii naye mle. Nitaingiaje na mwanamke asiye maharimu yangu? Kachanganya mwenyewe."

Mnaona alichofanya? Ili asionekane alikuwa chumbani, alinikana undugu! Na kama si kaka yangu, zile alfajiri zote tulizojifungia mle nilikuwa nafanya nini?

Watu hawakuchelewa kujibu. Mwanamke mmoja wa dobi alinicheka usoni. "Loo! Kumbe bwawa mlikuwa mnalisafisha kwa mapenzi!"

Nilikwenda kwa Bi Time nikikohoa njia nzima. Nilipiga magoti mbele yake. "Mama, waambie. Neno lako tu." Nani mwingine angesema? Bibi yangu aliyeshuhudia keshakufa, na wanaume hawakai kutazama kina mama wakinyonyesha.

Bi Time alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Nilikulea, mwanangu. Habari ya kunyonyesha… siikumbuki."

Akatupa mchele safi, akaacha mawe ungoni. Alikuwa anakumbuka!

Wiki hiyohiyo Seif, mchumba wangu kutoka Jadida, alituma shangazi yake kuvunja posa. Kazi ikaenda. Baba akaacha kukaa barazani.

Siku moja baada ya sala ya Ijumaa baba alimchukua Shehe wa msikiti wetu, tukaenda kwa Bi Time. Nami nilikaa nyuma ya pazia. Faki alikuwapo.

Baba alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Bi Time, jina la mwanangu limeharibika kwa sababu ya mwanao. Maadamu hawakunyonya pamoja, hakuna kizuizi. Faki amwoe. Shehe huyu hapa, na ndoa ifungwe leo."

Wasomaji, baba hakuwa akitega mtego. Alikusudia! Nilitaka kupiga kelele, kikohozi kikanikaba.

Shehe akauliza, "Faki, umeridhia?"

Na Faki… Faki niliyemtoa kwenye moshi ule… alijibu polepole, "Kama wazee wameona hivyo."

Hapo ungo wa mchele aliopakata Bi Time ulianguka. Alisimama akijishika kifua. "Haramu! Haramu, Shehe! Nimemnyonyesha huyu mpaka akatembea! Mtamwozaje na nduguye?"

Baba aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika.

Maneno yale yalifika hotelini kabla ya magharibi. Faki alivuka kwenda Unguja, hakuaga mtu. Meneja aliuona uongo wake, akanirudisha kazini. Seif naye alirudi na shangazi yake, nikawakaribisha chai, nikawaambia basi. Aliyeniamini baada ya mji mzima kuniamini, ataniamini lini peke yake?

Nawasihi akina dada: kama umenyonyeshwa na mwingine, watafutwe mashahidi sasa, walio hai, na watu wajue. Usitegemee kumbukumbu ya mtu mmoja, hata awe amekupa maziwa yake. Na nyinyi mnaotunza mabwawa, msidharau ndoo!

Juzi Bi Time alikuja na bakuli la uji wa mtama. Alilia. "Nilimwogopea mwanangu," akasema.

"Na mimi nilikuwa nani?" nikamuuliza.

Aliinamisha uso, akanisogezea uji. Nilipokea bakuli kwa mikono miwili, kama alivyonifundisha mwenyewe.

"Ahsante, Bi Time," nikamwambia.

Aliinua uso haraka. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwita hivyo.